Nyanya na Somo la Moyo

Juzi nilipanda lifti katika jumba moja mjini, nikasimama nyuma ya mama mmoja aliyejipaka mafuta ya mkaratusi. Harufu ilikuwa kali hadi machozi yakanilenga, nikapitishwa ghorofa niliyokuwa nikienda. Sikujali sana. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu mtaa wa Jamhuri, Nairobi, niko darasa la nane, katika chumba ambacho kila kitu kilinuka mafuta hayo: mito, pazia, hata kurasa za kitabu changu cha sayansi.

Nyumba yetu haikuwa ya kusomea. Sebuleni kaka yangu Feisal alitazama mpira na kubishana na televisheni kana kwamba refa anamsikia. Jikoni mama alipiga simu Mombasa kila alasiri, naye aliamini kwamba mji ukiwa mbali, sauti nayo sharti ipande. Ghorofa ya juu jirani alitwanga kitu ambacho mpaka leo sikijui. Na msimu wa maonyesho ya kilimo ulipofika, vipaza sauti vya uwanjani vilituletea muziki hadi ndani. Nilijaribu kusomea kwenye ngazi, watoto wa kuruka kamba wakanifukuza. Nilijaribu bafuni, nimekalia ndoo niliyoifudikiza, mpaka baba akabisha mlango akiuliza kama naumwa na tumbo.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipokuja, mama aliyasoma akiwa amesimama, akaikunja karatasi, akasema, "Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika kumi."

Siku hiyohiyo meza yangu ilihamishiwa chumba cha nyuma, alimolala Nyanya, mama yake baba, aliyeletwa kutoka Mombasa kwa matibabu. Sisi watoto tuliambiwa ana presha. Mama alisema hakuna chumba kimya kama kile. Bila shaka yeye mwenyewe hakuwahi kukaa mle kwa muda mrefu.

Nyanya hakujua kunyamaza. Alikaa kitandani, amejipaka mafuta yake ya mkaratusi, ameegemea mito iliyopandana, kwa kuwa akilala chali pumzi zilimpaa, na kila nilipofungua kitabu aliuliza, "Wasoma nini?" Nilijibu kwa neno moja, sayansi, nikitumaini litamtosha. Halikumtosha. Alitaka kujua sayansi ya leo yasemaje.

Taabu ni kwamba vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza, na Nyanya hakukijua. Kwa hiyo kila nilichosoma ilinibidi nimgeuzie. Hapo nilianza kuumbuka kidogokidogo. Sentensi niliyoikariri mpaka ikateleza ulimini, nikitaka kumwambia Nyanya kwa Kiswahili, najikuta sijui inasema nini. Narudi kitabuni, naisoma tena polepole, namweleza. Akikunja uso, najua bado sijaielewa. Kelele za Feisal na za jirani hazikukoma, lakini sikumbuki kuzisikia tena. Hata hivyo nilimlalamikia mama kwamba Nyanya ananipotezea wakati. Mama alisema mkubwa akiuliza hujibiwa.

Ndipo tukafika kwenye mzunguko wa damu. Nilimwambia moyo una vyumba vinne, na kati ya vyumba mna vijilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili damu isonge mbele isirudi. Mada nyingine alizisikiliza mara moja zikamtosha. Hii aliirudisha kesho yake, na kesho kutwa.

"Hebu rudia hapo pa vijilango," alisema. "Na kijilango kikilegea?"

"Damu inarudi nyuma. Moyo unafanya kazi mara mbili, mwisho unachoka."

"Na ukichoka?"

"Kitabu hakijasema, Nyanya."

Aliuliza kama vyatengenezeka. Sikujua, na kwa kuwa sikupenda kushindwa, nilimwuliza mwalimu wa sayansi. Mwalimu alifurahi kuulizwa swali na akanieleza mpaka kengele ikalia. Jioni ile nilimweleza Nyanya kwa mbwembwe zote: kwamba daktari hufungua kifua, husimamisha moyo, mashine ikashika kazi yake, akashona kijilango kipya, kisha moyo ukaanza tena.

"Husimama?"

"Husimama kabisa. Halafu unaamshwa."

Nyanya alinitazama, akachukua tasbihi yake. "Haya, soma," akasema. Hakuuliza kitu tena mpaka adhana ya magharibi. Kimya nilichokililia mwezi mzima nilikipata, na sikusoma hata ukurasa.

Siku chache baadaye alipelekwa hospitali huko Parklands. Tuliambiwa anakwenda kupimwa. Aliporudi alikuwa amekonda, amejitanda mtandio hadi shingoni, akalala chali. Mimi nilifanya mtihani wangu nikapita vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Swali la moyo halikuja.

Nyanya alirudi kwao Mombasa, akaishi miaka mingi. Baada ya kumzika, mama na mimi tukiwa tunaosha masinia, ndipo aliponisimulia. Kumbe Nyanya alikuwa ameletwa Nairobi kufanyiwa operesheni ya moyo, naye akaikataa. Watu wazima walikubaliana wasimtie hofu. Kila alipouliza atafanywa nini, walimwambia atapona, inshallah, asijisumbue. Kisha asubuhi moja, mezani, alisema yuko tayari. Daktari alipoanza kumweleza kupitia kwa baba, alimkatiza.

"Najua. Mtausimamisha, kisha mtauamsha."

Daktari aliuliza nani amemwambia. Nyanya akasema, mwalimu wake.

Mama alisimulia hayo akicheka, akanipa sinia lingine nipanguse. Nilipangusa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Nyanya ndiye aliyenifundisha kusoma palipo na kelele, kwa maswali yake, na hilo ni kweli. Lakini mle chumbani nilidhani mwenye mtihani ni mimi peke yangu. Yeye naye alikuwa na wake, mzito kuliko wangu, na katika nyumba nzima iliyojaa watu waliompenda, hakuwa na mwingine wa kumfundisha.