Unga Kwenye Mkojo wa Ndaki

Ndaki wa Misunkumilo ameendesha lori miaka kumi na saba bila kuua hata kuku, na kwa barabara zetu huyo ni wa kuvishwa nishani. Mwaka huu tajiri yake, Yasser, akapata tenda ya kusomba mzigo wa mgodi fulani. Mgodi ukasema uzoefu wa dereva haupimwi, unapimwa mkojo. Asiyefaulu aachie usukani.

Ndaki hakuwa na wasiwasi. Hanywi, havuti. Alichokuwa anameza ni vidonge vya kifua kikuu tu, mwezi wa nne sasa, kimyakimya, maana mjini hapa ukijulikana una TB unatengewa kikombe chako cha chai. Daktari alishamwambia haambukizi tena. Lakini daktari hashindi kijiweni.

Nesi wa mgodi, Médiatrice, akampa kikopo, akashika kalamu.

"Baba, unatumia dawa yoyote?"

Kwa madereva wenzake, dawa ni ile hirizi inayofungwa chini ya usukani ili lori lisipinduke. Na Ndaki ni mzee wa kanisa.

"Sina dawa, dada. Namtegemea Mungu."

Nesi akaandika: hatumii. Ndaki akarudi na mkojo wa rangi ya chungwa, kama juisi ya kipaimara. Nesi akachovya kipimo. Kipimo chenyewe kina akili zake: mstari ukitokea uko salama, usipotokea umekwisha. Mstari wa jamii ya heroini ukagoma kutokea.

"Baba, inaonyesha unatumia unga."

"Kila siku."

"Kila siku?"

"Mchana na jioni. Asubuhi nakunywa uji."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Kwetu Usukumani hata watoto wanapewa."

Nesi akaweka kalamu chini. Yasser alikuwa mlangoni.

"Kumbe miaka yote hii gari langu nimempa teja."

Hapo Ndaki akaelewa ni unga upi. Akawa na mawili: aitwe teja na usukani uende, au afunue ugonjwa wake mbele ya Yasser, mtu ambaye siri haimkai mdomoni hata afike kwenye pikipiki yake. Akachomoa kadi ya kliniki.

"Si nilikuuliza dawa?" nesi akasema.

"Uliniuliza dawa, dada. Hivi ni vidonge."

Nesi akasoma kadi, akacheka kidogo. Rifampisini iliyo kwenye vidonge hivyo, akaeleza, ndiyo inayopaka mkojo rangi, na vipimo vingine vya haraka huichanganya na heroini. Mkojo ukapelekwa maabara kubwa. Majibu yakarudi safi, Ndaki akabaki na lori.

Yasser, kwa wema wake, akamsafisha jina mtaa mzima: "Jamani, Ndaki si teja. Ana TB tu."

Tangu siku hiyo Ndaki anapita kata yote ya Kasokola bila mtu hata mmoja kumsumbua kwa lifti ya bure, wala kumpakizia mbuzi. Amebakiza miezi miwili ya vidonge. Anasema akipona hamwambii mtu.