Mishale Kiganjani

Anjeline Athieno alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi katika sekondari moja ya Tororo kabla macho hayajaanza kumsumbua. Alipoona taa zimezungukwa na duara za rangi alidhani ni uchovu. Daktari akamwambia ni presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokwisha kupotea haitarudi. Alitia dawa ya matone bila kukosa, lakini muhula wa pili ulipoanza alikuwa haoni ubao wala nyuso za wanafunzi, ila mwanga wa madirisha tu.

Mwalimu mkuu, Bwana Omoding, alimwita ofisini akamshauri kwa upole ahamie somo la dini, maana huko hakuna michoro. Anjeline alimwuliza nani angechukua fizikia ya kidato cha tatu. Omoding akakiri kwamba hajapata mtu. Wakakubaliana aendelee mpaka mwalimu mpya apatikane.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Aliandika ubaoni kwa kukisia, maandishi yakapandana. Wanafunzi wa nyuma walitoka kimyakimya. Alisikia mlango lakini hakujua amwite nani. Jioni, nyumbani Kiyeyi, alimwambia mumewe Odoi kwamba pengine mkuu alikuwa na haki. Odoi alikuwa akimenya mihogo. Alimwambia ale, alale, aamue kesho.

Kesho yake aliingia darasani bila chaki. Aliketi mbele, akamwomba Shallon, msichana mwenye sauti kubwa kuliko wenzake, asome swali. Kreti ya samaki inavutwa kwenye sakafu ya saruji kwa kani ya nyutoni mia mbili, na kasi yake haibadiliki. Msuguano ni kiasi gani? Shallon alijibu mia moja na hamsini, na wengi wakamuunga mkono.

Zamani Anjeline angeandika jibu sahihi ubaoni na kusonga mbele. Sasa alinyoosha mkono.

"Nichoree hapa kiganjani," alisema. "Kila kani na mshale wake. Iliyo kubwa, mshale mrefu."

Shallon alisita, kisha akachora kwa kidole. Uzito ulishuka kuelekea kifundo cha mkono, na msukumo wa sakafu ukapanda kuelekea vidole. Mshale wa kuvuta ulikuwa mrefu, wa msuguano mfupi.

"Kwa nini huu wa nyuma ni mfupi?"

"Kwa sababu kreti inakwenda, madam. Kani zikiwa sawasawa itasimama."

"Mchoro wako unaniambia kreti inazidi kwenda mbio. Swali linasemaje?"

Shallon alisoma tena, polepole. Halafu akakipangusa kiganja cha mwalimu wake kama mtu anayefuta ubao, akachora mishale miwili yenye urefu mmoja.

"Mia mbili," alisema. "Inakwenda tu vilevile, kwa sababu hakuna kani iliyoshinda."

Baada ya hapo kila swali lilipita kiganjani. Walipochoka kupanga foleni mbele ya Anjeline, wanafunzi walianza kuchoreana wao kwa wao, na waliozoea kutoroka walibaki kwa kuwa jirani zao walihitaji mikono. Omoding alikuja kusikiliza, akaketi nyuma kipindi kizima. Hakulitaja tena somo la dini.

Hata hivyo si yote yaliyobaki mikononi mwake. Mwalimu mpya, Isaac, alipofika kutoka Busia, alipewa maabara na kidato cha nne. Siku ya kumkabidhi Isaac funguo za maabara, Anjeline alilia kidogo njiani, nyuma ya bodaboda, na mwendeshaji akajifanya hasikii.

Siku hizi anajifunza kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu, na bado ana kidato cha tatu. Mitihani wanaitunga pamoja: yeye anasema, Isaac anaandika. Juzi walibishana kuhusu swali la gunia linaloteleza kwenye ubao ulioinama. Isaac alitaka kuwapa wanafunzi mchoro. Anjeline alikataa, akasema wachore wenyewe.