Siku Mashine Iliposema Mwenyekiti Hana Mke

Nitawaambia, lakini mkicheka mcheke kwa adabu, maana hata leo nikipita Kikima nikifika pale kwenye ukumbi wa kanisa huwa naangalia upande ule mwingine wa barabara, kama mtu anayetafuta duka. Aibu hii niliipika mwenyewe na nikaipakua mwenyewe, mbele ya watu zaidi ya sitini waliokaa kwenye mabenchi wamevaa nguo za Jumapili, na ilikuwa Alhamisi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu wa kompyuta. Najua mnashangaa, wakati huo Kikima nzima mtu akisema kompyuta wengine walidhani ni ugonjwa. Lakini kanisa lilikuwa limepewa mashine tatu na wageni fulani, zikawekwa chumba cha nyuma ya ukumbi, nikatafutwa mimi, msichana wa Kilungu niliyekuwa nimemaliza kozi Nairobi na sijapata kazi, nije nifundishe watu kuandika programu. Nilikuwa na wanafunzi tisa, wote watu wazima: walimu wa msingi, fundi wa redio, na Bwana Mutuku, karani wa kiwanda cha kahawa, ambaye alikuwa mkubwa kuliko baba yangu na bado alikuwa ananiamkia kwa kusimama.

Sasa shida ya kufundisha programu si mashine, ni makosa. Mtu anaandika mistari ishirini, anabonyeza, mashine inasimama inamwandikia maneno mekundu kwa Kizungu chake, na mwanafunzi anaona ametukanwa. Nilikuwa na fundi wa redio aliyekuwa akizima mashine kabisa kila ikimkosoa. Kwa hivyo nikawatafutia mfano wa nyumbani. Nikawaambia kosa la kwanza ni la mwandiko: umesahau alama, mashine haijui sentensi imeishia wapi. Hilo ni rahisi. Kosa la pili ndilo linasumbua, kwa sababu sentensi yenyewe iko sawa, ila unamwitisha mtu kitu ambacho hukumpa kule juu, mwanzoni, mahali unapoieleza mashine huyu ni nani na ana nini.

"Sisi ni Wakamba," nikawaambia, "hii mnaielewa kuliko mimi. Mtu anaweza kukaa na mwanamke miaka, wakazaa, wakajenga, lakini kama hajapeleka kwao mbuzi wa ntheo, wale wanaomfanya kuwa mke kimila, wazee wakiulizwa watasema huyo bado ni msichana wa nyumbani kwao. Sasa kule juu ya programu ndiko ntheo inapelekwa. Kama kitu hujakitaja huko, huku chini usikiitishe."

Walicheka mpaka fundi wa redio akapiga meza. Na wakaelewa, hata siku za mbele ungesikia mmoja akimwambia mwingine, "Wewe, hujapeleka mbuzi." Nikajiona mwalimu kweli (na hapa ndipo mtu hupotea, akianza kujisikia).

Basi kamati ya kanisa ikagawanyika. Nusu walitaka darasa liendelee, nusu walitaka chumba kiwe stoo ya viti vya harusi. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kyalo, ndiye angeamua. Akasema hawezi kuamua kitu ambacho hajaona, kwa hivyo tupange siku, watu waje waone, wazazi, wazee, akina mama wa kanisa, halafu yeye atatoa neno. Mzee Kyalo alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kofia ya kahawia, na hakuwa anapenda maneno mengi. Kama angesema viti, ilikuwa viti, na mimi ningerudi Kilungu kumenya maembe.

Wanafunzi walikuwa wamejiandaa na programu ya miti ya matunda, ndogo, safi, tumeijaribu mara kumi. Lakini asubuhi ya siku hiyo shetani akaniambia, Nduku, nani atafurahia miti? Weka mwenyekiti mwenyewe ndani ya mashine. Basi nikakaa nikabadilisha haraka haraka. Jina, kijiji, cheo. Idadi ya watoto nikaiacha, maana hata mimi nilijua watoto wa mtu hawahesabiwi hadharani. Nikaona imekuwa fupi, nikaongeza mke chini kabisa, Mama Mumbua, jina nililolisikia kanisani. Kule juu nikasahau kumtaja. Mnaona? Mimi mwenyewe, mwenye mfano wangu, nilisahau.

Watu wakaja, jenereta ikanguruma huko nje, na kwa sababu skrini ilikuwa ndogo na wa nyuma hawaoni kitu, nikaamua nitakuwa nawasomea kwa sauti na kuwatafsiria kila neno mashine inalosema. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa kama dakika nne.

Nikabonyeza. Mashine ikasimama. Nikatabasamu, nikasema, "Imeona nimesahau alama mwisho wa mstari. Haijanitukana, imenionyesha tu." Nikaweka alama. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akasema mashine ina adabu kuliko karani wa chifu, na nikamwona Mzee Kyalo akitikisa kichwa kwa kukubali. Nikasema moyoni, viti vitatafuta stoo kwingine.

Nikabonyeza tena. Ikasimama tena, kwenye mstari wa mwisho. Na mimi kwa furaha yangu, kwa sauti ya kutangaza matokeo ya mtihani, nikasoma, "Mashine inasema mwenyekiti hana mke."

Ukumbi ukanyamaza. Si ule unyamavu wa kusikiliza, ni ule wa watu kuangalia viatu vyao. Bwana Mutuku akakohoa. Mimi nikadhani hawajaelewa (mwalimu akinyamaziwa hudhani hajaeleweka, ndio ugonjwa wetu), kwa hivyo nikaeleza zaidi.

"Hapana, msiogope. Mke tunamwona ameandikwa hapa chini, Mama Mumbua. Lakini mashine haitaki kujua ya huku chini. Inauliza, kule mwanzoni alipelekewa utaratibu wake? Hakupelekewa. Hata ukiandika jina lake mara mia, kwa mashine huyo si mke."

Mutuku akakohoa kikohozi cha mtu aliyemeza mfupa. Nikamwambia, "Pole, Bwana Mutuku, kunywa maji," nikaendelea mbele, nikawapa ule mfano wangu wote, wa ntheo, wa mbuzi, wa wazee kuulizwa, mwanzo mpaka mwisho. Kule nyuma kikongwe mmoja akasema kwa Kikamba, polepole, "Nĩ w'o," yaani ni kweli, na nikamshukuru, jamani, nikamshukuru kwa kunielewa. Halafu nikamgeukia mwenyekiti mwenyewe.

"Sasa Mzee, tukuulize wewe. Hapa mwenye makosa ni nani, ni mashine ama ni aliyeandika?"

Mzee Kyalo aliinua mkono kichwani. Akatoa kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

"Ni aliyeandika," akasema.

Akainuka akatoka nje, na kamati ikamfuata, na akina mama wakaifuata kamati, mpaka nikabaki na wanafunzi tisa na jenereta.

"Mwalimu," Bwana Mutuku akaniambia, "si nimekohoa mpaka kifua inauma?"

Ndipo wakanieleza yale ambayo Kikima nzima ilijua isipokuwa mgeni wa Kilungu. Mzee Kyalo alimwoa Mama Mumbua kanisani miaka ishirini na mitano iliyopita, na pete, na keki. Lakini mbuzi wa ntheo hakuwahi kuwapeleka kwa wazazi wa mke, huko Zombe. Mwaka wa kwanza kulikuwa na kiangazi, wa pili akajenga, halafu ikawa kitu cha kesho. Sasa binti yao Mumbua amepata mchumba, na watu wa mchumba wanataka kuleta mbuzi zao, na kwa desturi baba hawezi kupokea za binti kabla hajapeleka za mama. Ndugu za mama wakasema hivyo hivyo. Mzee akaona aibu kuanza jambo la ujana na mvi kichwani, mama akafunga nguo zake akaenda Zombe, na kanisani ikasemwa ameenda kuuguza dada. Wiki ya tatu hiyo. Watu wote walikuwa wanajua na hakuna mtu alikuwa na mdomo wa kumwambia Mzee, mpaka mimi nikamwambia kwa kipaza sauti cha koo langu.

Nililia, siwadanganyi. Sikulilia kazi peke yake. Nilimwonea huruma yule mzee aliyejibu ukweli wakati angeweza kunifokea. Nilikwenda kwake kesho yake kuomba msamaha nikakuta mlango umefungwa, jirani akasema amesafiri. Nikafunga sanduku langu, nikaandika barua ya kuacha kazi, ila hapakuwa na wa kumpa, kwa sababu kamati bila mwenyekiti haikukaa. Kwa siku kumi nilifundisha nikiwa nimeshusha macho, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kutaja mbuzi.

Siku ya kumi na moja, mchana, niko na Bwana Mutuku tunatafuta kosa katika kazi yake, mlango ukafunguliwa akaingia mama mnene wa kitambaa cha maua, na nyuma yake kofia ya kahawia. Nikainuka.

"Ni wewe ule mwalimu wa mashine?" mama akauliza.

"Ni mimi, Mama. Naomba unisamehe sana."

"Ati nikusamehe? Habari yako ilifika Zombe mbele ya huyu mzee. Ndugu zangu waliambiwa sokoni ati mashine ya Kikima imekataa Kyalo. Walicheka siku mbili. Alipofika na mbuzi zake hata hawakumfungia mlango, walikuwa wamechoka na kucheka." Akavuta kiti akakaa. "Mimi nilikuwa nangoja hiyo mbuzi tangu Mumbua hajazaliwa. Sasa nionyeshe pahali ilikataa."

Nikaiwasha mashine ya siku ile. Nikamwonyesha mstari wa chini, jina lake. Nikapanda juu, pale mwanzoni, nikaandika mke, nikaweka alama yake. Nikabonyeza. Mama Mumbua akasogeza uso karibu na kioo.

"Imesema nini?"

"Haijalalamika, Mama. Imenikubalia tu."

"Hakuna ingine?"

"Hakuna ingine."

Akajipangusa jicho na ncha ya kitambaa, akasema, "Basi ni sawa."

Mzee Kyalo alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo. "Viti vitakaa kwa mchungaji," akasema. "Chumba ni yenu. Lakini mwalimu, sasa watu utawafundisha na mfano gani?"

"Ndoo, Mzee."

"Ndoo ya nani?"

"Ya kwangu, Mzee."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, na Bwana Mutuku akapata ruhusa ya kucheka naye.

Na mpaka leo, miaka yote niliyofundisha, nimeapa na sijavunja: mtu aliye hai haingii kwenye mfano wangu. Natumia ndoo. Ina rangi, ina mpini, na wanafunzi wakiitisha mfuniko wake mashine inasema hauko, na ni kweli hauko, ulipotea mtoni, na hakuna mtu anayeangalia viatu vyake.

Ila kuna mmoja alifaidika na aibu yangu kuliko wote. Miaka miwili baadaye kijana wa huko kwetu Kilungu alianza kuniandikia barua, nami nikakaa nikiwaza nitamwambiaje ile habari ya kuanza na mambo ya juu, yaani ntheo, bila kuonekana nina haraka. Sikupata nafasi. Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nyumbani Kilungu, mama yangu aliniita nje, nikamkuta yule kijana amesimama kwenye geti na mjomba wake na mbuzi watatu, jasho linamtoka, na kabla hajatusalimia akasema, "Mimi ile habari ya Kikima niliisikia."