Kompyuta Iliyomwambia Baba "Mambo Vipi"

Enzi zetu pale shule ya Nyasubi, kuingia chumba cha kompyuta kulikuwa kama kuingia sebuleni kwa watu. Viatu mlangoni, vumbi la Kahama likibaki kwenye soksi zilizotoboka, na mashine zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi. Ndani palinuka jasho na michembe, vile viazi vikavu tulivyoficha mifukoni na kuvitafuna huku tukijifanya tunafikiri.

Humo ndimo nilimoandika programu yangu ya kwanza. Iliuliza jina na umri. Ukiwa umenizidi umri, ikuamkie shikamoo. Vinginevyo ikuambie mambo vipi. Niliijaribu kwa marafiki zangu, wote wa umri sawa na wangu, ikawaambia "Mambo vipi" mmoja mmoja. Tulipiga vigelegele hadi mwalimu akatufukuza. Jioni ile nilirudi kwa shangazi, nilikokuwa nikiishi, nikitembea kama mwenye pikipiki mpya.

Siku ya wazazi Baba alikuja kutoka kijijini kwetu Samuye na koti lake la kanisani. Alikuwa ameshasema kuwa shule za mjini zinawasahaulisha watoto heshima, na kwamba muhula ukiisha nirudi nikasome karibu na nyumbani.

"Utaona, Baba," nilimwahidi. "Hata kompyuta nimeifundisha kuamkia."

Aliketi, akaandika kwa kidole kimoja: Baba Kabula. Akaweka umri wake. Kioo kikajibu: Mambo vipi, Baba Kabula!

Chumba kizima kiliangua kicheko. "Hee, Baba Kabula, umepata rika lako!" mzazi mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilikuwa nimeweka alama ya "ndogo kuliko" mahali pa "kubwa kuliko", na kwa kuwa sikuwahi kumjaribishia mtu mzima hata mmoja, sikujua. Nilimwomba Baba ainuke. Hakuinuka.

"Irekebishe," alisema kwa Kisukuma, taratibu. "Mimi nipo."

Nilirekebisha, machozi yakidondokea vitufe, wazazi wengine wakikohoa kwenye foleni. Baba akaandika upya. Shikamoo, Baba Kabula. Bila kujijua nilikuwa nimepiga goti kando yake, kama tunavyoamkia nyumbani.

"Marahaba," alijibu, chumba kizima kikasikia. Kisha akavuta koti lake. "Muhula ujao nitakuja tena hapa hapa kuamkiwa."

Furaha ilikuwepo, sikatai, lakini aibu ndiyo iliyohamia moyoni kabisa. Hadi leo nikiandika alama ile, masikio yanachemka. Watoto wa dada yangu wao huiambia simu tu; simu inaandika programu nzima, inafanya kazi, nao wanaitazama kama mtu anayesubiri maji ya chai.

"Mamdogo, si ungeiambia tu ikutengenezee?" wananicheka nikiwasimulia.

Nami nacheka, halafu nawahurumia kidogo. Hawajawahi kukosea mbele za watu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuvumilia kuchekwa, akawasubiri mpaka wapatie.