Doa la Matope Kwenye Reli ya Mezani

Nilikuwa sokoni Njukini, nimekaa juu ya gunia la maharagwe nikisubiri lori, mchuuzi mmoja wa kike kutoka Voi aliponiambia kwamba yule mzee wa reli amefariki na wameshamzika kwao, milimani juu ya Mwatate. Alisema upesi kama anayetaja bei ya mahindi, kisha akaona nimeinuka kwenye gunia. "Kwani alikuwa ndugu yako?" Nikamjibu hapana, tulifanya kazi pamoja miezi minane tu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua miguu yangu haitulii. Miezi minane kwangu ni mingi. Lakini katika miezi hiyo, miaka ya hamsini, nilimwona akifanya jambo ambalo nimelibeba kila nilikokwenda, na sitaki lizikwe pamoja naye.

Genge letu lilitunza kipande cha reli ya Taveta, kutoka Voi hadi karibu na Mwatate. Kazi yetu ilikuwa kushindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba vyuma, kwa sururu, ili reli ilale sawa gari moshi likipita. Marehemu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini alijua kila taruma la kipande kile. Asubuhi alitembea juu yake taratibu, kichwa chini, akikipima kwa nyayo. Mnyapara wetu alikuwa amestaafu, nafasi iko wazi, na genge zima lilijua inamfaa nani. Yeye mwenyewe aliitamani sana wala hakuficha. Kikwazo kilikuwa karani wa stesheni, mtu wa Pwani mwenye Kiswahili kitamu na ulimi mkali. "Mnyapara huandika ripoti, bwana wee," alimwambia mbele yetu. "Wewe utaandika kwa sururu?" Tulicheka, naye akacheka, ila niliona anavyoibana mikono yake. Tena alikuwa amekwenda kwa karani yule mara mbili kumweleza kwamba mbele ya kalvati ya pili, pale maji yanapopita chini ya reli, matope yanapanda kati ya kokoto, na mvua ikija reli itazama. Mara zote mbili aliambiwa akajifunze kueleza vizuri: maili ya ngapi, futi ya ngapi. Habari ikaishia hapo.

Sasa, mkaguzi wa njia, Mzungu mmoja mrefu, alikuwa na treni ndogo ya kuchezea, ya kutiwa ufunguo. Juu ya meza ndefu ukumbini alikuwa ametengeneza mfano wa stesheni ya Voi na kipande chetu cha njia, maana wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuutazama. Vilima vya karatasi vilipendeza, miti ilipendeza. Chini ya reli alikuwa amemwaga changarawe. Siku tulipoitwa kusogeza meza ile, marehemu aliinama, akatazama sana, akasema, "Bwana, mtu anayelingana na treni hii akitaka kuvuka haya mawe atahitaji ngazi." Mzungu akacheka mpaka akakaa chini. Akatupa sisi wawili kazi ya kuyabadilisha mawe yale, wiki nzima.

Tuliponda mawe yaleyale ya njiani, tukayachekecha kwa kichujio cha chai, kisha kwa kipande cha chandarua ili vumbi litoke. Aliyamwaga kidogo kidogo kati ya mataruma, akayasawazisha kwa unyoya wa kuku, akaondoa kila punje iliyokaa juu ya chuma. Gundi ndiyo iliyotushinda: tone likianguka, punje zilikimbiliana zikawa donge. Akawaza, akasema, "Shati la mafuta huliloweshi kwa maji matupu." Akakoroga sabuni kidogo kwenye maji, akanyunyiza kwanza, ndipo akadondosha gundi nyepesi kwa kile kibomba cha dawa ya macho. Mawe yakainywa yakatulia. Tena hakuyafanya yawe ya rangi moja. Njia kuu ya Mombasa aliipa kokoto nene, safi. Pale injini zinaposimama stesheni alichanganya masizi na grisi. Kipande chetu alikiwekea kokoto chache zenye vumbi jekundu, kama kilivyo. Na mbele ya kalvati ya pili akapaka tope zito, likafunika ncha za mataruma.

"Utafukuzwa," nilimwambia. "Safisha hapo."

"Nikisafisha hapa, kule kutakuwa kumesafika?"

Mkaguzi alipokuja, karani alikuwa nyuma yake. Mzungu alisifu kila kitu mpaka alipofika kalvati ya pili. "Hapa namna gani? Wewe mwaga chai? Panguza!" Karani akaguna, "Si nilisema, bwana, huyu ni wa sururu?" Marehemu aliweka mikono nyuma. "Bwana, twende kwanza ukaone. Kama ni uongo, nitapanguza meza yote, na kesho narudi kwetu kulima."

Tulikwenda kwa toroli juu ya reli. Kufika kalvatini, mkaguzi akahesabu hatua kulingana na doa la mezani, akasimama. Marehemu akamwonyesha taruma moja, akalikanyaga. Likazama, na tope likafoka kando yake kama uji unaochemka. Mzungu alichutama, akaligusa tope kwa kidole. Kisha akauliza nani aliambiwa habari hii. Karani akatazama viatu vyake. Neno moja tu la marehemu lingetosha kummaliza.

"Niliambiwa nieleze vizuri, bwana," marehemu akajibu. "Nimeeleza."

Wiki ile ile akawa mnyapara wetu. Ripoti zake ziliandikwa na karani, yeye akizitaja kwa mdomo, na hapakuwa na genge lililotembea likiwa limeinua vichwa kama letu. Tulichimba lile tope lote, tukaweka kokoto mpya kabla ya mvua. Siku tuliyomaliza, akarudi ukumbini na nguo zake za kazi, akalowesha doa lile mezani, akalikwangua, akapanga punje safi. Wageni walipofika waliona njia isiyo na dosari, na ilikuwa kweli.

Mimi niliacha shule mapema, na tangu hapo nimeingia ofisi nyingi kuuliza maswali yasiyonihusu. Ukutani naona ramani na picha za miradi, zote zinang'aa. Huzitazama nikitafuta doa, na nisipoliona huanza kuwa na wasiwasi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Anayependa kazi yake kweli haoni haya kuuonyesha ugonjwa wa kazi hiyo mbele ya mkubwa, hata ikimgharimu alichokitamani, kwa sababu anajua anaweza kuuponya. Wale tunaoitwa hatukusoma tuna mtu wetu wa kujivunia huko juu ya Mwatate. Alitufundisha kwamba meza hupanguzwa mwisho, baada ya njia.