Kamera Iliyoingia Nyumba ya Eda

Wajukuu zangu wananionyesha simu zao: bibi, hii inajilenga yenyewe. Nawaambia hongereni, ndiyo maana mnapiga picha mia na hamkumbuki hata moja. Mie nimeshika kamera ya mkanda, ile ya kukunjua. Ukiwa mvivu inakupa ukungu, ukiwa na subira inakupa mtu. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima tu, tena niliingia nikiwa na mtoto mgongoni, lakini kwa kamera ile wanawake wa Temeke walipita mbele ya jicho langu mmoja mmoja. Siringi. Au basi, naringa. Kazi niliifanya.

Kamera yenyewe ilikuwa ya mume wangu, naye aliipata kwa Mzungu mmoja wa bandarini aliyefunga virago mwaka ule wa Uhuru. Ilikuwa kikongwe tangu siku ile. Ngozi imechubuka, mfuko wake wa kukunjuka umetiwa viraka vya mpira wa baiskeli kwenye kona. Lakini ukibonyeza kitufe, kifua kinafunguka taratibu na jicho linatoka mbele kama kobe anayeangalia kama mvua imekatika. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuishika vile mtu anavyotaka kushika kifaranga.

Sasa sikiliza uzuri wake. Kamera hii huchungulii kupitia jicho lake la mbele. Unachungulia kidirisha kidogo cha juu, na katikati ya kidirisha kuna doa la manjano. Siku niliyochungulia mara ya kwanza nilimwona jirani yetu anaanua nguo, na kando yake, ndani ya lile doa, jirani mwingine mwembamba kama moshi, naye anaanua nguo zilezile. Nikaishusha kamera. Nikamwambia mume wangu humu mna jini.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo si jini, huyo ni kipimo. Zungusha kigurudumu."

Nikazungusha. Yule wa moshi akaanza kutembea. Akaja, akaja, akamkaribia mwenziwe, akamwingia mwilini, wakawa mtu mmoja, dhahiri, kila uzi wa nguo yake unaonekana. Nikamtenganisha tena, nikamrudisha tena. Jirani kamaliza nguo zake kaingia ndani, mie bado nimesimama.

Tangu siku ile mume wangu akienda zamu, mie naichukua. Mkanda sikuwa nao, mikanda ilikuwa adimu kama sukari, lakini kulenga hakuli mkanda. Nililenga jogoo. Nililenga foleni ya duka la ushirika, nikaunganisha wanawake wote mmoja mmoja mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Zaidi nililenga kanga kwenye kamba. Kisomo kilikuwa kimenipa herufi, na herufi za kanga ni kubwa na nyeusi. Herufi iliyoachana na kivuli chake inakuwa na miguu mingi kama tandu, na ikikutana nacho inatulia. Nikawa najifunza kusoma na kulenga kwa mkupuo mmoja.

Ndipo ikaja habari ya nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Baba wa nyumba ile alikuwa amefariki, na mkewe yuko eda. Mjane wa kwetu pwani akiwa eda anakaa ndani, hajipambi, hajipaki marashi, haonwi na mwanamume wa kando. Binti yao alikwishachumbiwa na mwalimu kabla ya msiba, na mwalimu akapewa kituo Kigoma, kwenye kijiji cha ujamaa. Kwa hiyo ndoa ikasomwa kimya, bila ngoma wala vigelegele, na binti ikawa aondoke.

Alikuja kwetu asubuhi, amejitanda kanga mpya, hina bado imekolea viganjani. Akamwamkia mume wangu, akasema bila kuzunguka:

"Kaka, kesho jioni napanda gari moshi. Nataka picha na mama."

"Mlete uani, leo jua zuri."

"Mama yuko eda."

Mume wangu akakuna kidevu. Ilikuwa hivyohivyo kwenye arusi: wanawake wakiwa ndani wamependeza, mpiga picha mwanamume anasubiri nje, bibi arusi analetwa kafunikwa gubigubi, picha inatoka kama ya gunia.

Binti akaendelea, sauti imeshuka. "Baba hakuacha picha hata moja. Mama anasema ameanza kumpoteza. Sauti yake anaikumbuka, kikohozi anakikumbuka, lakini akimtafuta uso, hauji. Sasa anasema na mie nikienda huko mwisho wa reli, atanipoteza vilevile. Jana hakula."

Nikasema, "Nitaingia mie."

"Utaingia na nini?" mume wangu akauliza.

"Na kamera. Kwani kamera ina ndevu?"

Binti akaziba mdomo asicheke mbele ya mtu mzima. Mume wangu hakucheka. "Mkanda umebaki picha mbili. Mwingine mjini hakuna."

"Basi sitapiga kuku."

Akaniwekea kamera mkononi, akaanza kunielekeza haraka haraka, kama mtu anayeogopa atabadili mawazo. "Ndani kuna giza. Jicho lifungue lote, hapa. Mwendo weka huu wa taratibu. Viwiko viegemeze. Kamera hii haina kishindo, haitakutikisa. Utajitikisa mwenyewe. Kwa hiyo usipumue."

Chumba cha eda kilikuwa na dirisha moja, limefungwa. Mama amekaa kwenye mkeka na nguo nyeupe isiyo na ua wala pindo, kichwa kimefunikwa. Amekonda. Kando yake yuko wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye macho ya hakimu. Nikawaamkia shikamoo zao.

"Marahaba. Hicho nini umeleta?" wifi akauliza.

"Kamera, shangazi."

"Naiona. Nauliza imefuata nini kwenye nyumba ya eda."

Kabla sijajibu, mama akasema polepole, "Wifi, eda imenizuia kwa wanaume na marashi. Haijanizuia kwa mwanangu."

"Haya. Na ikishapigwa, picha inasafishwa na nani? Si mumewe huyu? Basi mwanamume kaingia, ila kapitia dirishani."

Hilo mie sikulifikiria, na mume wangu hakulifikiria, na binti nilimwona macho yanaanza kujaa. Mama akainamisha kichwa. Maana wifi alisema kweli. Nani atakayeosha mkanda asione kilichomo?

Nikasema, "Nitausafisha mie mwenyewe. Jicho la mwanamume halitauona."

"Unajua kusafisha?"

"Mpaka jioni nitakuwa najua."

Shangazi akanitazama juu mpaka chini. "Mtoto huyu ana ulimi," akamwambia wifi yake, na akasogea kunipisha. Ndiyo ruhusa yenyewe hiyo.

Nikafungua dirisha kiasi cha kupitisha mkono, mwanga ukaja wa upande. Nikavuta mbuzi ya kukunia nazi, nikaikalia, viwiko juu ya magoti. Nikachungulia. Na hapo sikuona kitu cha kulengea. Nguo nyeupe, ukuta mweupe, giza. Yule mama wa moshi alikuwa anaelea juu ya mama mwenyewe na sikujua kama wamekutana au wamepishana. Nazungusha mbele, nazungusha nyuma. Jasho linaingia jichoni.

Ndipo nikaiona kanga ya binti.

"Sogea," nikamwambia, "kaa bega kwa bega na mama. Vuta kanga hiyo ije mbele, maandishi yanitazame."

Maandishi yakaja kifuani kwake. Nikaikamata M ya kwanza. Ilikuwa tandu. Nikazungusha kidogo kama unavyozungusha utambi wa taa, na miguu ikaanza kuhamia kwenye miguu, na M ikasimama. Nikapanda na jicho mpaka kwenye nyuso. Nyuso zote mbili zilikuwa zimetulia, mkunjo kwa mkunjo. Raha niliyoipata pale siwezi kuipima. Nikazuia pumzi.

"Mwambie basi ainue kidevu," shangazi akasema, na mama akageuka kumtazama, na kidole changu kikawa kimeshafyatua.

Ikabaki moja.

Nikazungusha mkanda, nikiangalia kidirisha chekundu cha mgongoni mpaka namba ya mwisho ikaja. Nikaitafuta M tena. Shangazi alijua alichofanya, maana alikuwa ameziba mdomo kwa kanga yake. Binti akaweka mkono wake wenye hina juu ya mkono wa mama. Hakuna aliyemwambia. Mama akautazama ule mkono, kisha akanitazama mie.

Ti. Kama tone la maji kwenye mchanga.

"Bado?" mama akauliza.

"Tayari."

"Mbona sijasikia kitu?"

Mchana ule mume wangu alinifungia stoo. Akaziba nyufa zote za mlango kwa magunia na kanga, akakaa nje kwenye kigoda na saa yake ya mkononi, na mie ndani gizani na mabakuli matatu: dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili. Kazi ile yeye aliijua kwa vidole. Kuieleza kwa mdomo ilimtesa.

"Shika ncha mbili. Inua huku, shusha huku, katikati ilowe."

"Ilowe vipi?"

"Kama unambembeleza mtoto kwenye kanga."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

"Usiguse katikati. Usisimame. Unabembeleza?"

"Nabembeleza."

Nikasikia viatu. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, anapita. "Ndugu, vipi, unaongea na mlango?"

"Naongea na mke wangu. Anasafisha."

"Anasafisha nini na mlango umezibwa?"

"Mkanda. Wee, shusha taratibu!"

"Umemfungia mkeo gizani unampigia kelele," balozi akasema. "Hili nitalileta kwenye kikao."

"Balozi, niache," nikasema kutoka ndani. "Nikikosea saa hii, kikao nitakiitisha mie."

Akaondoka anacheka. Mume wangu akasema muda umetimia, hamisha kwenye maji, sasa dawa ya pili, sasa subiri. Kusubiri kule ndiko kulikonimaliza. Mikono imelowa, giza totoro, na huelewi kama umeshika sura ya mtu au utepe mtupu. Aliposema fungua, nilifungua mlango kwa upana wa kidole, yeye akageuza kichwa kuelekea barabarani. Nikauinua mkanda kwenye ule mwanga.

Picha ya kwanza ilikuwa na mama asiye na uso, kageuka. Ya pili ilikuwa na watu wawili, nguo nyeupe zimekuwa nyeusi na nyuso nyeusi zimekuwa nyeupe, na kifuani kwa mmoja herufi imesimama na miguu yake, bila kivuli.

"Imetoka?" mume wangu akauliza, bado anatazama barabara.

Nilikuwa nacheka peke yangu kama chizi.

Asubuhi yake nikatoa picha. Tochi nimeifunga kitambaa chekundu, mkanda juu ya karatasi, kioo juu ya mkanda, mwanga mweupe kidogo tu, halafu karatasi inaingia kwenye bakuli. Mume wangu nje: hesabu, tikisa, usitoe mapema. Karatasi ilikuwa tupu. Halafu ikaja hina. Mie nakuapia kilichotangulia kuja ni ule mkono wa hina, kisha maandishi, kisha macho ya mama, yananitazama kutoka chini ya maji. Nikatoa mbili, nikaziosha mpaka maji ya pipa yakapungua nusu.

Nilizipeleka bado zina unyevu, nimezilaza kwenye sinia na kuzifunika kwa kitambaa. Mizigo ya binti ilikuwa mlangoni tayari. Mama akaipeleka picha kwenye ule ufa wa dirisha. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akamgusa mwanawe kwenye karatasi, kisha akamtazama mwanawe mwenyewe, kisha karatasi, kama mtu anayehakiki. Shangazi akachungulia begani.

"Mmekaa kama mko mahakamani," akasema. "Lakini ni nyie."

Mama akaniuliza, "Haitafutika?"

"Nimeiosha vizuri, mama. Haifutiki."

Akapumua. Akamgeukia binti. "Basi nenda. Gari moshi halimsubiri mtu." Na akaomba chakula. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeinuka kukifuata, na aliporudi na sahani aliniambia pembeni kwamba Ijumaa nipite kwake, ana nguo fulani hajawahi kuonekana nayo. Nilipita. Kisha nikapita kwa dada zake, kisha Manzese kwa binamu zao, mpaka mume wangu akawa anaomba ruhusa kushika kamera yake.

Lakini jioni ile nilirudi nyumbani nikamkuta amekaa kwenye kigoda kilekile mbele ya stoo. Alikuwa ametafuta dawa, ametafuta karatasi, ameniongoza kila hatua, na picha hajaiona. Mpaka anaingia kaburini hakuiona. Hakuniomba hata mara moja nimwonyeshe kwa kificho.

"Haya," akasema, akafumba macho na kuegemea ukuta. "Nipe yote. Anza na mama. Mwanga umemjia upande gani?"