Slivu Zilizonyanyuka

Baba aliipenda injini ya gari lake kuliko alivyowapenda baadhi ya shemeji zake, na hakuona haya kusema. Lilikuwa gari dogo la Kifaransa, kuukuu, alilouziwa na mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Miaka ile ya tisini, magari mengi ya pale Mpanda yalikuwa na injini za chuma. Yake ilikuwa ya aluminiamu, bloku yenyewe na hedi inayoifunika juu, silinda nne. Tukila ugali alituhubiria aina zake: kuna ile ndogo ya mwanzo, kuna iliyotanuliwa matundu, kuna iliyobadilishwa hedi ili ipumue vizuri, na kuna iliyogeuzwa ikafungwa nyuma ya dereva kwenye magari ya mashindano.

"Yetu ni ile ya pili," alisema.

"Yangu ni ile inayofika sokoni," mama alimjibu.

Mama alipozidiwa na ugonjwa alipelekwa hospitali Sumbawanga, mama mdogo akaenda kumuuguza. Baadaye dereva wa lori alituletea ujumbe kwamba madaktari wameshindwa. Mama alitaka kufia nyumbani kwake, na baba aende kumchukua na gari letu, maana lori lingemtikisa. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi. Nilisikia habari ile nikaendelea kuchambua mchele. Sikuhisi kitu, na sijui niseme nini zaidi.

Gari lilikuwa limechemsha na kuunguza gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku. Gasketi mpya ilikuja kwa treni kutoka Tabora. Fundi alikuwa rafiki wa baba, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Katumba, aliyezeeka akitengeneza malori. Wakafungua hedi uani kwetu.

Injini ile silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni slivu za chuma, mabomba manne yaliyosimama ndani ya maji, chini yamekalia pete nyembamba, na kinachoyabana yasinyanyuke ni hedi peke yake. Kwenye lori, lisilo na slivu za namna hii, hedi ikishafunguliwa unaizungusha injini kwa mkono ili kila pistoni ipande, uikwangue masizi. Ndivyo walivyofanya kila mara, na ndivyo walivyofanya siku ile.

"Zungusha, mzee," fundi alisema.

Baba akazungusha. Pistoni zikapanda, zikazinyanyua slivu kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, na pete za chini zikaachia.

Walipofunga, iliwaka mara moja. Fundi alipiga makofi. Baba alioga, akavaa koti la kanisani, akaweka godoro dogo kiti cha nyuma, akaondoka. Huko njiani maji yalivuja taratibu kwenye pete zile yakiingia kwenye oili. Karibu na Sitalike injini ilinoki, ikazima kabisa. Baba alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakikuta na uji wa rangi ya chai ya maziwa, na hapo akaelewa kosa lao la kuizungusha bila hedi. Mtu aliyezijua injini zile zote!

Alikuwa bado ameinama chini ya boneti lori lilipotokea upande wa Sumbawanga. Mama alikuwamo. Alikuwa amechoka kusubiri. Mama mdogo alituambia kwamba mama alipoliona gari letu alitaka kuteremshwa.

"Umekuja kunichukua," alimwambia baba. "Basi nichukue."

Wakamlaza kwenye godoro. Dereva wa lori alifunga kamba, akalivuta gari lile polepole hadi mjini, baba akiwa kwenye usukani na mama nyuma yake. Mama mdogo alibaki ndani ya lori.

Mimi na fundi tulilisikia lori tukatoka. Lilisimama barabarani, kwa sababu kijia cha kwetu kilikuwa chembamba. Nilichungulia dirisha la gari nikamwona mama. Mdomo ulikuwa wazi na inzi alikuwa anatembea juu yake. Mama mdogo alishuka, akachungulia naye, akaanza kupiga yowe. Fundi alishika mlango wa nyuma.

"Acha," baba alisema, akitazama mbele. "Nyie sukumeni. Hatujafika."

Dereva alifungua kamba. Mimi, fundi na dereva tulilisukuma kwenye kijia chote, baba akikata usukani kukwepa mashimo, hadi mbele ya mlango wa nyumba. Hapo akavuta breki ya mkono.